Ukurasa wa Stanslaus Machibya Uliobandikwa Ukutani

Ndugu waombolezaji, mwenyekiti wa mtaa, majirani wa Shanwe na nyie mliotoka ofisini, familia imenituma mimi Silvester, mdogo wa marehemu, niwasomee, na mtanivumilia, maana nina hasira na sitaificha.

Stanslaus Machibya alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Maswa, mtoto wa tatu wa Mzee Machibya, na mwaka 1974 alifika Kabungu kwa miguu akiswaga ng'ombe wa baba yetu, akamalizia hapo shule ya msingi mwaka 1978, kisha akasomea ufundi wa redio Tabora na kuhitimu mwaka 1983. Tarehe 6 Julai 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu Scola wa Mwese, wakajaliwa watoto watatu, Yotham, Esteria na Suzana.

Mwaka 1988 aliajiriwa na shirika la kuhudumia wakimbizi, ambalo sitalitaja jina kwa heshima ya msiba huu. Kompyuta zilipoletwa mwaka 1998 ni yeye aliyezifunga, zote sita zikitumia anwani moja ya nje, kwa kuwa mtambo wa mlangoni, ule unaopitisha ujumbe wote kwenda nje, ulifuta anwani ya kila kompyuta na kuandika ile moja kabla ujumbe haujatoka.

Julai 1999 mkuu wa ofisi, Bwana Maximilian, aliamuru majina ya wakimbizi yapelekwe Dar es Salaam kwa siri, yakiwa yamefungwa ndani ya kompyuta zenyewe kwa muhuri wa kuonyesha kwamba ujumbe haukuguswa njiani. Stanslaus alimwambia mapema kwamba muhuri ule unafunga hata anwani ya mtumaji, kwa hiyo mtambo wa mlangoni ukishaibadilisha, Dar wataona muhuri na anwani havilingani na watautupa ujumbe, kama barua iliyofutwafutwa njiani, akaomba muhuri upigwe palepale mlangoni, anwani ikishabadilishwa. Aliyaandika hayo kwa mkono, ukurasa mmoja, akaubandika ukutani. Hawakumsikiliza ng'o. Wiki tatu hakuna kilichofika, wakamwita mwizi, eti anachezea mitambo ili auze majina ya watu, wakamfukuza tarehe 20 Agosti 1999 mbele ya walinzi na wafagizi.

Tarehe 11 Oktoba fundi aliyetoka Dar aliusoma ukurasa uleule, akafanya ulivyoandikwa, na kabla ya chai ya saa nne ujumbe ukafika. Jamani! Kaka alipopata habari alianza kuvaa shati lake la kazini kila asubuhi na kukaa barazani, akingoja barua ya kumsafisha jina, siku ishirini na mbili, na barua haikuja. Tarehe 2 Novemba alipata kiharusi hapohapo barazani, akafariki hospitalini tarehe 9 Novemba 1999.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliopika na kuteka maji, na wafanyakazi wenzake, hasa walinzi, mliokuja kumwona kwa kujificha.

Bwana Maximilian, shada lako tumeliona, na kadi yake inayosema mfanyakazi wetu hodari. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tutakapoita wa kuweka mashada, ofisi yako haitaitwa, shada litabaki kwenye kiti hicho mpaka ije barua, kwa sababu hadi juzi Yotham ameitwa mtoto wa mwizi shuleni.

Pumzika kwa amani, ng'wana Machibya, ulichoandika kilikuwa kweli. Sisi hatupumziki.