Piza ya Bi Waride Isiyo na Mkate

Kwenye basi la Kibiti kwenda Mkongo, mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana: Bi Waride, mama wa makamo, na Mzee Gharibu, mkulima wa mpunga.

"Nina kisukari," alisema Bi Waride. "Wali nimeacha, mkate nimeacha. Najipikia piza."

"Piza si mkate ule?"

"Yangu haina. Nachanganya nyama ya kusaga na yai, natandaza kwenye sufuria. Juu naweka nyanya, hoho na jibini, kisha napalia makaa juu na chini."

"Hiyo kababu tu, mwanangu."

"Iite utakavyo, baba."

Mimi nilishaanza kusikia njaa.

"Mumeo anasemaje?" aliuliza mzee.

"Anasema namwaibisha. Juzi kwenye harusi ya wifi yangu nilikwenda na sufuria yangu. Wakanicheka, nami nikala mbele yao."

Mzee akatikisa kichwa. "Ungeonja wali japo tonge moja, kwa heshima."

"Mama yangu, naye wa kisukari, alionja kwa heshima miaka yote. Tulizika mguu wake kwanza, kisha tukamzika mwenyewe."

Mzee alitaka kujibu, lakini basi lilisimama Mkongo na Bi Waride akashuka bila kumsubiri.