Dada Halo, Opereta wa Simu na Matroni wa Watoto Viziwi

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Alhamisi, tarehe 12 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho, mama mshonaji. Tulizaliwa watano, yeye wa kwanza, na mimi ninayesoma ndiye kitinda mimba. Mama alituzaa, lakini aliyetulea mgongoni, na aliyetuchapa, ni yeye.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960, kisha sekondari hadi 1970. Ripoti zake tunazo bado. Hesabu ni za kuombea radhi, na kila mwaka mwalimu aliandika lile lile: "Anaongea mno." Baba alifoka. Mungu nadhani alikuwa anacheka, maana tarehe 2 Februari 1972 binti huyo aliajiriwa kwa kazi ya kuongea, opereta wa simu katika hospitali.

Kwa faida ya vijana: enzi hizo ukipiga simu hospitali, opereta ndiye aliyepokea na kuchomeka waya kwenye tundu la wodi unayoitaka. Dada alikuwa na matundu themanini mbele yake, na madaktari aliwajua hata kwa kikohozi. Nyumbani mtu akibisha hodi, yeye aliitika "Halo!" Ndipo jina hilo likamganda.

Mwaka 1974 alikosea tundu moja. Seremala alipiga simu kuulizia makabati ya stoo, Dada akamtupa wodi ya wazazi. Nesi, bila hata salamu, akamwambia, "Hongera baba, ni mapacha!" Seremala wa watu, kapera, hana hata mchumba! Alifika hospitali na vumbi la mbao kichwani, akauliza kwa sauti, "Yuko wapi huyo aliyenizalia mapacha?" Dada alitoka mwenyewe kuomba msamaha, akashindwa kwa kicheko. Walifunga ndoa kanisani tarehe 20 Desemba 1975. Mapacha hawakuwapata kamwe. Walipata mtoto wa kiume mwaka 1977 na wa kike mwaka 1981.

Agosti 1994 aliugua homa ya uti wa mgongo. Alilazwa siku kumi na tisa katika hospitali ile ile aliyofanyia kazi, na alipopata nafuu, masikio yote mawili yalikuwa yamekufa. Nataka niseme wazi jinsi tulivyokuwa. Tulimkasirikia Mungu. Binti yake, akiwa na miaka kumi na mitatu, alinishika mkono kwenye korido akaniuliza, "Mama mdogo, kati ya watu wote, Mungu alikosa masikio mengine ya kuchukua?" Nilimnunulia soda.

Kazi ikaisha. Kwa miaka miwili Dada alikaa ndani akiomba arudishiwe masikio. Kisha siku moja mchungaji alimwandikia kwenye karatasi kwamba kuna shule ya watoto viziwi wanaofundishwa lugha ya ishara. Januari 1997 akaenda, mama wa miaka arobaini na mitatu, akakaa darasa la kwanza kwenye benchi fupi, magoti yakigusa kidevu. Alikusudia miezi mitatu. Alikaa miaka kumi na sita, matroni wa bweni la wasichana hadi alipostaafu mwaka 2013. Watoto walimpa jina kwa ishara: ngumi sikioni, kama mtu aliyeshika simu.

Niliwahi kumwandikia, "Huchoki na Mungu wako?" Akanijibu kwa mdomo, tena kwa sauti ya juu, maana kujipima alikuwa hawezi tena: "Miaka ishirini na miwili nimeunganisha watu wasionijua, hawaoni mkono wangu, na waliniamini. Mimi ni nani nisimwamini anayeniunganisha mimi?" Akaniambia kuwa masikio ameacha kuyaomba. Amebakiza ombi moja: aongee tena na binti yake.

Kwa sababu binti alikataa katakata kujifunza ishara. "Nikijifunza nitakuwa nimekubali," alisema. Basi alimwandikia mama yake kwenye madaftari. Umekula. Nimefika. Dawa ziko mezani. Ukiyafungua madaftari yale utalia, jinsi maneno yalivyokuwa machache. Dada hakumlazimisha. Kila Jumapili aliombea jambo hilo tu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshakata tamaa.

Januari 2023 madaktari waligundua saratani ya ini. Siku moja wodini binti alikuwa akipekua mkoba kutafuta kalamu, akaingia fundi viatu mmoja, kiziwi, aliyewahi kuwa mwanafunzi pale shuleni. Mikono ikaanza kuruka, Dada akacheka mpaka akashika mbavu. Binti akatoka nje akaniambia, "Yule anamjua mama yangu kuliko mimi." Wiki iliyofuata alikwenda shuleni kwa mama yake, akaomba benchi.

Oktoba 2023 nilikuwepo. Binti alisimama mbele ya kitanda, akakusudia kusema kwa ishara, "Mama, nisamehe." Akakosea vidole. Alichosema ni, "Mama, nipikie." Dada akamwangalia, akajibu kwa mdomo, "Nikupikie? Hivi huoni naumwa?" Kisha akaelewa. Akamshika vidole kimoja kimoja, akavirekebisha, akamwambia arudie. Walikaa hivyo mpaka chakula cha wagonjwa kikapoa, na mimi nikatoka nje kumshukuru Mungu niliyekuwa nimemnunia.

Waliongea miezi saba. Dada alilala katika Bwana nyumbani kwake, Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 71. Ameacha mume wake seremala, mtoto wa kiume, mtoto wa kike, wajukuu watano, sisi wadogo zake wanne, na mabinti wa bwenini ambao hesabu yao aliijua yeye. Bwana aliyemwongoza ampokee na kumpumzisha.

Na kama mmeniona nasoma polepole, mimi niliyezoea kukimbia na maneno, ni kwa sababu nimeagizwa. Safu tatu za mbele wamekaa wanafunzi wake, na kushoto kwangu amesimama binti yake. Kila neno mlilolisikia, yeye amewaambia kwa mikono.