Kabureta Ndani ya Taulo

Mzee wa Kofia alikuwa ndani ya basi, amepakata kabureta ya pikipiki yake kuukuu, kaiviringishia taulo kama kichanga. Dada wa ovaroli aliyeketi kando yake akauliza, "Mjukuu anaumwa, baba?"

"Kabureta, mwanangu. Naipeleka ikarekebishwe. Pikipiki yenyewe nimeifungia nyumbani. Mafundi ukiwaachia, wanakunyofolea vyuma vya asili, wanakuwekea vya bandia."

"Sasa watairekebishaje, baba, na injini umeifungia? Skrubu yake ya hewa huzungushwa huku unasikiliza injini inavyonguruma."

Mzee akamkagua kuanzia viatu hadi kucha zenye grisi. "Na wewe umeyajulia wapi?"

"Mimi fundi."

Basi liliposimama, Mzee alishuka, vituo viwili kabla ya chake, akafungua taulo palepale kuhakikisha kabureta ni ileile.