Bi Mizani, Mkate na Kilo Zangu Kumi na Nne

Tarehe 30 mwezi wa sita, saa nane mchana, Bi Mizani atavua aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi kwenye tanuri la hospitali yetu. Nimepewa ukurasa mmoja wa jarida kumuaga. Ukurasa mmoja, jamani! Mhariri anisamehe, nitapitiliza. Mimi ni mtunza stoo wa jiko kuu, nimemtolea unga kwa miaka kumi na tisa, na nina sababu ya kumsifu mpaka koo linikauke. Sababu yenyewe iko huko mbele, msiruke mistari.

Aliingia hapa kama mwosha trei. Tanuri lilikuwa moja, la matofali, na bomba lake la moshi lilikuwa limepinda. Mwaka wa pili akawa mkandaji, mwaka wa saba akawa msimamizi, na hajashuka tena. Leo ana matanuri matatu, wasaidizi sita, na mikate mia nne kila siku kwa wagonjwa, wauguzi na sisi wengine tunaojifanya tuna kazi.

Jina la Bi Mizani alilipata akiwa bado mkandaji. Msimamizi wa wakati huo alipima unga kwa jicho na chumvi kwa kiganja, na mkate ukitoka mbovu kosa likawa la hamira. Yeye akaokota mizani ya zamani iliyotupwa na watu wa kufulia, akaisafisha kutu, akaanza kupima kila kitu, hata maji. Wakamcheka wee mpaka wakachoka. Akaanzisha na daftari. Sheria yake ni moja na kila aliyepita kwake anaijua kwa moyo: mkate ukiharibika, badilisha kitu kimoja tu, oka tena, tazama. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na mkate ukapona, utamshukuru nani? Mkate ukitoka sawasawa kabisa, anaandika chini ya ukurasa maneno matatu: Hakuna la kubadilisha. Katika madaftari yake yote kumi na moja, hadi mwezi wa nne mwaka huu, alikuwa ameyaandika mara tisa. Nimehesabu mwenyewe.

Kuna pia desturi ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Baada ya chai, sote tunapanga foleni mlangoni pa tanuri na kupanda kwenye mizani ya magunia, naye anaandika kilo zetu nyuma ya daftari. Ilianza kama utani tu, tuone nani kanenepa kwa mkate wa bure. Mhasibu hupanda akiwa amevua viatu, mkanda na saa, na bado hulalamika kwamba mizani inamwonea. Shemeji yetu, mume wa Bi Mizani, fundi cherehani anayeshona aproni zetu zote, husema hahitaji mizani, yeye hutumia futi ya kupimia kiuno.

Sasa njoo miaka mitatu iliyopita. Katibu wa chama cha wafanyakazi alirudi kutoka likizo akiwa amepungua kilo sita, uso unang'aa kama kiatu cha harusi. Siri ni nini? Ameacha ngano! Tena si ngano tu, ameacha nafaka zote, mahindi, mchele, mtama, kila chenye punje. Akatueleza habari ya gluteni, ule mnato ulio ndani ya ngano unaofanya donge livutike, kwamba ndio unaochosha watu, unaovimbisha matumbo na kuumiza viungo. Ndani ya wiki mbili nusu ya kantini ilikuwa inakula mayai na parachichi. Muuguzi mmoja alipita mbele ya trei za skonzi akiwa ameziba pua, loo!

Utani ukageuka. Katibu akaandika barua yenye saini themanini na mbili akitaka hospitali iache kuoka mkate. Iweje nyumba ya tiba igawe sumu? Uongozi ukajibu kwamba utatoa uamuzi baada ya miezi miwili. Matanuri matatu, watu sita na kazi ya maisha yote ya mtu mmoja vikawa vinasubiri kalamu. Mimi nilikasirika nikashindwa kulala.

Bi Mizani hakukasirika. Alimwita Katibu ndani, akampa kiti, akamuuliza kwa upole, mdogo wangu, huko likizo ulibadilisha nini kingine? Katibu ni mtu mkweli, tumpe haki yake. Alikiri kwamba alikuwa ameacha pia soda nne za kila siku, ameanza kutembea jioni na mkewe, anakula chakula cha usiku mapema na kulala kwa muda wa saa nane kamili. Bi Mizani akaguna. Akamwambia kwamba amebadilisha vitu vitano kwa mpigo, na sasa anakipigia makofi kimoja tu.

Akapendekeza jaribio la wiki sita. Watu kumi na wawili, walaji mkate wote. Sita waache ngano na nafaka nyingine, lakini soda zao na uvivu wao wabaki navyo vilevile. Sita waendelee na mkate, lakini waache soda, walale mapema, watembee nusu saa. Kila Ijumaa wapande mizani na kusema wanajisikiaje. Katibu akakubali, tena akajitolea kurudia mkate awe kundi la pili. Daktari wa tumbo, alipoombwa awe mwamuzi, alicheka akasema watu kumi na wawili si sayansi, ila ni burudani nzuri, na akaja kila Ijumaa.

Na mimi je? Mimi nikajipa cheo ambacho hakuna aliyenipa, mtetezi mkuu wa mkate. Sikuwa katika kundi lolote. Kila siku saa nne asubuhi nilikaa meza moja na wale sita wa kwanza, nikala slesi nne zenye siagi, polepole, nikilamba vidole. Ilikuwa vita, bwana. Tumbo lilikuwa linanijaa gesi na kuunguruma, lakini lilikuwa hivyo miaka nenda rudi, na vidonge vya kuongeza damu nilikuwa nimemeza mpaka nimevizoea. Nilijiambia ni umri.

Wiki sita zikaisha. Wale wa soda na matembezi walipungua wote, na Katibu alipungua kilo nyingine mbili huku akitafuna mkate. Wale walioacha nafaka, wawili walipungua, watatu wakabaki palepale, na mmoja, kwa ruhusa yake nasema, alikosa choo siku nne na akawa mkali kwa kila mtu. Daktari akaeleza kwamba kwa watu wengi nafaka zisizokobolewa ni rafiki, zina makapi ambayo utumbo unayahitaji, na hakuna ushahidi wa maana kwamba kuziacha kunamtibu mtu mzima ambaye haumwi. Tulishangilia mpaka wagonjwa wa wodi ya juu wakauliza nani kajifungua.

Bi Mizani hakushangilia. Kwanza alisema lisemwalo lipo, na kweli katika lile zogo lilikuwapo jambo. Mkate wake mweupe ulikuwa na sukari nyingi, akaipunguza nusu wiki hiyohiyo, na akaanza kuoka mkate wa unga usiokobolewa. Pili, alikuwa ameinamia daftari na hatoki. Ijumaa zote zile nami nilikuwa nimepanda mizani, kwa mbwembwe tu. Akaniita pembeni. Akanionyesha kilo zangu za miaka mitano, kwa wino wake uleule wa buluu: hamsini na nane, hamsini na sita, hamsini na nne, hamsini na moja. Ijumaa ile, arobaini na tisa. Akasema mtu anayekula mkate wa watu wanne hawezi kukonda kama watu watano, na kwamba yeye hajui kinachonila ila anajua mahali pa kuanzia kutafuta.

Nilimwona ananitisha bure. Nikatoka na hasira, nikafika stoo, na yale maneno yakanikaa. Jioni nikarudi nikamwambia basi kuanzia kesho naacha mkate. Hapo alinishika mkono, akasema hapana, usiguse kitu kabla hatujamuuliza mwenye mizani yake. Akanipeleka mwenyewe kwa daktari wa tumbo, na aproni yake ikiwa bado na unga. Daktari akamsifu. Kipimo cha damu kinatafuta alama ambazo mwili huziweka ukiwa bado unapambana na ngano, na ningeacha mkate kwanza, alama zingefifia na pengine ningeambiwa ni mzima. Ndugu zangu, niliendelea kula slesi zangu kwa amri ya daktari, safari hii bila mbwembwe.

Majibu yakaja. Siliaki. Ni ugonjwa ambao mwili ukiiona gluteni ya ngano, shayiri au nafaka iitwayo rai hujishambulia, na utumbo unachubuka mpaka chakula kinapita bila kufyonzwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimepakwa siagi! Watu themanini na wawili walitia saini kwamba mkate ni sumu, na yule mmoja ambaye kwake ulikuwa sumu kweli ndiye aliyekuwa anautetea kwa meno. Katibu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanikumbatia na sote wawili tukalia.

Aliyeumia zaidi ni Bi Mizani. Alikaa juu ya gunia la unga akasema kwamba miaka yote hiyo amekuwa akinilisha maradhi kwa mkono wake. Nikamwambia kwamba maradhi ni yangu na mkono ulioyagundua ni wake. Asubuhi iliyofuata uongozi ulitangaza kwamba matanuri yanabaki, na wakati wengine wanapiga vigelegele yeye alikuwa amesimama mbele ya chumba kikuukuu cha mashuka, anaomba ufunguo.

Chumba hicho ndicho mnachokijua leo kama tanuri dogo. Hakiingii chembe ya ngano. Kina trei zake, mwiko wake, mizani yake, na aproni za kijani alizoshona shemeji, maana vumbi la unga halijui mipaka. Mchele, mahindi na mtama, nilivihamishia rafu ya peke yake, kwa kuwa hivyo havina kosa nami mradi visichanganywe na ngano. Humo mwanamke aliyeijua ngano kuliko anavyojua viganja vyake akaanza upya kama mwanafunzi. Bila ule mnato, mkate haushikani. Jaribio la kwanza lilitoka kama tofali, nami sitanii, liko mpaka leo stoo nalizuilia mlango. La tisa lilikuwa uji wenye ganda. La ishirini na mbili mumewe alilionja, akatafuna kwa muda mrefu, akauliza kama kuna chai. Kila mara alibadilisha kitu kimoja tu, akaandika, akaanza tena. Mayai mawili badala ya moja. Maji ya moto badala ya vuguvugu. Wanga wa muhogo, gramu kumi zaidi. Tarehe ya kustaafu ikawa inasogea, na mwezi wa nne mwaka huu aliniambia anaogopa ataondoka bila kuniachia mkate. Sijawahi kumsikia akisema anaogopa kitu kingine chochote.

Jaribio la sitini, mwezi wa tano, siku ya Jumanne. Aliponiita nilikimbia, mimi na umri huu. Mkate ulikuwa umeumuka, umepasuka juu kidogo, una harufu ya mkate! Nilikula slesi yangu ya kwanza baada ya miaka karibu mitatu nikiwa nimesimama, na siagi ikanitiririka hadi kiwikoni. Sasa wagonjwa watano wa siliaki wanaoletewa chakula wodini wanaula kila asubuhi, na naibu wake ameshaoka mara ishirini bila kukosea.

Bi Mizani, asante kwa mikate yako yote, hata ule ulioniumiza, maana bila huo nisingepanda mizani yako. Pumzika na shemeji, lala mpaka jua likuchome, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya na watu wa kuwapikia. Daftari la kumi na moja uliliacha mezani kwangu jana, na najua ulijua nitalifungua. Nyuma, kwenye orodha ya kilo, umeandika kwa wino wako wa buluu: Mtunza stoo, sitini na tatu. Hakuna la kubadilisha.