Udongo wa Ukoo, Kakao ya Wanangu

Mama zangu, dada zangu, na ninyi mababa wachache mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka, nawasalimu. Mama kiongozi ameniomba niseme kwa kifupi. Nitajaribu, lakini mnanijua.

Wengi mnanifahamu kama fundi wa kushona hapa Berea, mtu wa Bukavu. Marehemu mume wangu alikuwa Mghana, kinyozi. Tulikutana hapahapa Johannesburg, tukaoana, tukapata mabinti wawili. Kiswahili chake mlikuwa mnakicheka. Alikuwa akiniambia, "Mimi nakuja jana," na kweli anafika.

Kwao ni kijijini, msituni, wanakolima kakao. Ujanani ukoo wa mama yake ulimpa kipande cha msitu, akakifyeka, akapanda miche kwa mikono yake. Tulienda kukiona mara moja, watoto wakiwa wadogo. Siku moja akatupeleka kwa mjomba wake, mkuu wa ukoo. Wazee wakaongea sana kwa lugha yao. Kisha mume wangu akanipa chupa mbili za pombe ya jini na kamba aliyofungwa kondoo, akaniambia, "Mpe mjomba, wewe na watoto. Semeni asante." Tukasema. Pasta, usinitazame hivyo, mimi sikunywa. Nilidhani ni heshima ya wageni tu.

Miaka michache baadaye presha ikamchukua, ghafla. Tukampeleka kwao, tukamzika. Yule mjomba naye alikuwa ameshafariki, na aliyeshika nafasi yake akaniita. Alisema kwa upole, mjomba mwingine akinitafsiria kwa Kiingereza.

"Mama, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanaume akifa, shamba linarudi kwa watu wa tumbo la mama yake. Mtoto wa dada yake ndiye atakayelishika."

"Na wanangu?"

"Wana ukoo wao. Kwako wewe."

Ndugu zangu, sikilizeni. Kwetu Bukavu ardhi inafuata baba. Kwa ndugu zangu, wanangu ni Waghana. Huko Ghana, wanangu ni Wakongo. Na hapa Johannesburg, eish, sisi wageni mnajua tunavyoitwa. Nikajiuliza, hawa watoto nimewazalia wapi?

Nikarudi, nikalala. Sisemi usingizi, nasema kulala, kutazama ukuta. Sare za shule za wateja zikakaa zimekatwa bila kushonwa. Binti yangu mkubwa ndiye aliyemwamsha mdogo, akamchana nywele, akamvusha barabara pale kwenye robot, kwenye taa. Akirudi ananiuliza kwa Kiingereza kama nimekula. Mimi naitikia tu.

Ndipo mkaja. Hamkunihubiria, na kwa hilo nawashukuru. Mmoja alinisuka. Mwingine alikaa kwenye cherehani yangu, akashona zile sare mpaka zikaisha. Na yupo dada mmoja wa Burundi, simtaji, amekaa hapa, nawaona mnageuka kumtafuta, acheni! Huyo anajua habari za kurudi nyumbani ukakuta mtu mwingine analima shamba lenu. Aliniuliza swali moja tu.

"Kule Ghana uliongea na mwanamke gani?"

Nilikuwa nimeongea na wanaume tu.

"Basi tafuta mwanamke," akasema.

Mume wangu alikuwa na mama mdogo wake, mzee sana. Siku ya mazishi alikuwa amelazwa hospitali ya mbali, hatukuonana. Tukampigia simu, binti yangu mkubwa akaongea naye kwa lugha ya baba yake, ile kidogo aliyofundishwa. Nikaona mtoto amekodoa macho.

"Mama, bibi anauliza: kwani si tulitoa asante? Si tulipeleka kondoo?"

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea siku ile. Kwa desturi yao, mwanaume akiwa hai anaweza kuwapa watoto wake shamba, ukoo ukikubali. Lakini anayepewa lazima atoe asante mbele ya mashahidi. Asante ikipokewa, zawadi imefungwa, hairudi tena. Mume wangu alikuwa amewapa wanangu shamba, mimi nimeshika kamba ya kondoo bila kujua nimeshika nini.

Mkachangishana nauli, nikaenda na mabinti kwenye kumbukumbu ya mwaka wa kifo chake. Kikao kikaitishwa mbele ya chifu. Mkuu wa ukoo akauliza, "Nani aliona asante hiyo?"

Yule mama mdogo akasimama, ameshikiliwa na binti yangu. "Mimi niliona. Yule kondoo nilimpika mimi."

Kisha mzee mmoja nyuma akakohoa. "Kweli. Hata mimi nilikula."

Watu wakacheka, na hata mkuu wa ukoo akacheka. Kumbe hakuwa mwongo. Siku ile hakuwepo. Chifu akaamua: kakao ni ya watoto, wao na watoto wao. Udongo ni wa ukoo, hauuzwi.

Yule mpwa wa mume wangu alikuwa amekaa pembeni, kichwa chini. Mwaka mzima alikuwa amepalilia lile shamba. Nikaomba kusema. Nikasema aendelee kulima, mavuno tugawane kama wanavyogawana wao kwa wao. Baadaye akanifuata. "Mama, nilidhani utanifukuza."

Nikamwambia, "Kufukuzwa nakujua. Siwezi kukufanyia."

Ndugu zangu, asanteni. Asante kwa aliyenisuka, kwa aliyeshona, kwa walioacha mboga mlangoni wakaondoka bila kugonga. Asante kwa bibi yule, Mungu amwongezee siku. Mwaka mzima nilizichukia desturi zile, kumbe nilikuwa nimesikia nusu yazo tu, tena kwa watu wasiokuwepo.

Ninachowaachia ni hiki. Sisi hapa tumeoana watu wa huku na huku: Mkongo na Mtanzania, Mrundi na Mzulu. Leo mkifika nyumbani, mkiwa wote wazima, ulizaneni: ardhi ya kwenu inapita upande gani? Ukipewa, unatoa nini, na nani lazima awepo? Mume akikasirika, akisema unamwombea kifo, mwambie swali limetoka kwangu. Aje anigombeze mimi. Nitampa kiti, nitampa chai, halafu nitamuuliza tena.