Mkeka Uliorudishwa

Mheshimiwa Meya, Bwana Haddrell mwenye shamba, Mchungaji, akina mama wa kanisa mliotupikia, na ninyi ndugu zangu wa kisiwa cha Tongoa ambao kesho tunarudi nyumbani.

Meneja ameniomba niseme maneno mawili ya shukrani kwa niaba ya wachumaji wa machungwa. Shukrani zimesemwa humu tangu saa kumi na mbili, zinatosha. Mimi Kalmet niliishia darasa la sita, sijui kuzungusha maneno, na nina hasira. Nitasema nikiwa nayo.

Mnajua kwamba mwezi wa sita, mke wa Bwana Haddrell alipofariki, binti yao Bronte aliacha kuzungumza. Shuleni kimya, nyumbani kimya. Je, mnajua alianza kuongea tena wapi? Kwenye trekta langu, katikati ya michungwa. Nilikuwa naimba, naye akachungulia nyuma ya kreti.

"Unaimba vibaya," akaniambia.

"Na wewe unajificha vibaya, bibie. Miguu yote iko nje."

"Mama yangu alikuwa anaimba vizuri."

"Wangu pia. Na yeye alikufa. Sogea huku, jua kali."

Ni hayo tu. Miezi mitatu alikuja kila alipotoka shule, baba yake akituona kutoka ofisini na kunipungia mkono. Nikampa jina la mama yangu, Leisale. Kwetu, mtoto ukimpa jina la mzazi wako umekuwa ndugu yake, na jina halitolewi mikono mitupu: unampelekea mkeka. Nikampigia simu mke wangu, akausuka wiki tano, shemeji akauleta. Jumapili nikaoga, nikavaa shati la kanisani, nikaupeleka hadi mlangoni.

Kosa langu nalikubali: sikueleza kwanza. Kwetu kila mtu anajua mkeka huo ni wa nini, nikadhani na hapa wanajua. Bwana Haddrell aliona mwanamume wa kigeni amemletea binti yake wa miaka minane kitu cha kulalia. Alishtuka. Nina mabinti watatu, hata mimi ningeshtuka. Lakini mtu akishtuka si anauliza? Nilikuwa nimesimama pale pale, bwana. Hukuuliza. Ulifunga mlango, kisha ukamtuma meneja na mfuko wa plastiki, mkeka umekunjwa ndani kama tambara, na karatasi niweke sahihi kwamba sitamkaribia mtoto. Mji mzima ukamalizia kazi. Dukani mama mmoja alimvuta mwanawe mkono nilipoingia kununua mkate, na Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumeimba kwaya moja. Yuko hapa, meza ya tatu, anatazama sahani yake.

Leo mnanipa cheti cha mchumaji bora. Mikono hii ni mizuri kwa machungwa yenu, kwa mtoto ni michafu? Cheti nakiacha hapa mezani.

Bwana Haddrell, sitaki uniombe radhi. Nauliza jambo moja: umemwambia nini binti yako? Maana bibi yake amenieleza jikoni sasa hivi kwamba mtoto amenyamaza tena, hii wiki ya tatu. Anadhani nimemchoka. Mama yake aliondoka bila kuaga, na sasa mimi. Nikipanda basi hivi hivi, atakua na hilo moyoni, na wewe ndiye utakayekaa naye mezani katika kimya hicho.

Sisi hatuondoki mahali bila kupanga mstari na kushikana mikono na kila mtu. Basi linaondoka saa moja asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu nitakuwa nje ya lango lako na wenzangu ishirini na wawili. Karatasi niliweka sahihi, sitavuka lango. Mlete wewe. Mshike bega, simama kati yetu, waite na polisi ukipenda. Usipomleta, tutasimama pale pale mpaka basi lije. Dirisha lake linatazama lango. Ataona nani alikuja kuaga, na nani alimzuia.

Nawashukuru kwa chakula, na kwa kunisikiliza mpaka mwisho.