Mzee Zefania Buya Komora, Mnyoosha Magurudumu wa Hindi

Ndugu waombolezaji, majirani wa mji huu wa Hindi na wa Mokowe, na nyinyi mliovuka maji kutoka Amu asubuhi ya leo: huyu tuliyekuja kumsindikiza alikuwa mtu wa maneno machache, nasi nduguze tutajaribu kutoyazidisha.

Mzee Zefania Buya alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 kijijini Ngao, kando ya Mto Tana, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Komora na marehemu Mama Salome. Gharika ya mwaka 1961 ilimkuta na umri wa miaka mitano, akatolewa nyumbani kwa mtumbwi akiwa amekumbatia kuku. Mama alizoea kusema kwamba tangu siku ile mtoto huyu aliipenda nchi kavu na chochote kinachotembea juu yake.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1963 hadi 1970. Somo alilolipenda halikuwa hesabu wala Maandiko, ingawa yote mawili aliyajua, bali kilimo, na hilo ni kwa sababu ya kamba. Mwalimu wa bustani hakuruhusu tuta lichimbwe kabla kamba haijavutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na Buya ndiye aliyepewa kazi ya kulala kifudifudi na kuichungulia kwa jicho moja. Wenzake walimwita Bwana Jicho. Sisi tuliosoma naye bado tunaukumbuka mchicha wa shule ile, ulivyosimama kwa mstari kama wanakwaya.

Mwaka 1972 alikwenda Mombasa, akawa utingo wa malori, kisha fundi. Alifika Hindi mwaka 1981, siku ambazo barabara yetu ilikuwa tope la kumeza gari hadi mlangoni. Wenye magari waliyainua: wakatia springi ndefu na shokomzoba mpya, gari likasimama juu kama korongo. Lakini gari likishainuliwa, magurudumu ya mbele huacha kutazama mbele pamoja. Usukani huvuta upande, na tairi hulika ubavu mmoja kama kiatu cha mtu achechemeaye. Kazi ya marehemu ilikuwa kuyapatanisha. Alitumia mshipi wa kuvulia samaki, akiuvuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, upande huu na upande ule, kisha akalala chini na kuchungulia kama zamani.

Hakukubali kupima gari siku ile ile lilipoinuliwa. Springi mpya, alisema, ni kama mgeni. Siku ya kwanza hakai vizuri kitini. Alimtuma mwenye gari aende na mzigo wake, arudi kesho. Wala hakupima gari lisilo na mtu. Yule aliyezoea kuliendesha ilibidi awe ndani, ameshika usukani, ili gari lipimwe kwa uzito litakaoubeba. Ndipo alipomwambia kila mteja, kwa sauti yake ya chini, “Kaa mahali pako.”

Maneno hayo ndiyo yaliyompatia mke, baada ya kukaribia kumkosesha. Mwaka 1984 binti mmoja wa Mpeketoni, Wamuyu, alileta pikapu ya baba yake, Mzee Kimotho. Fundi akamwambia akae mahali pake. Binti akadhani anaambiwa mwanamke ajue cheo chake. Alimjibu kwamba mahali pake anapajua vizuri kuliko mtu alalaye mchangani, na akageuza ufunguo aondoke. Ilimbidi marehemu atoke mbio, mshipi mkononi, aeleze. Binti alicheka, akakaa, gari likapimwa.

Lakini Wamuyu wa siku hizo alikuwa mwembamba, na Mzee Kimotho, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kiasi cha magunia mawili. Pikapu ilipopata dereva wake ikaanza kuvuta. Mzee alirudi nayo mara moja, akasimama mlangoni pa karakana. “Fundi, gari hili umelinyoosha kwa binti yangu,” alisema. “Sasa ama ulinyooshe upya, ama umchukue na binti mwenyewe.” Marehemu alifanya yote mawili. Walifunga ndoa takatifu siku ya Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1985, kanisani Mpeketoni.

Miongoni mwa wateja wake hakuna aliyedumu kuliko Bwana Abdulqadir wa Amu, ambaye lori lake hulala Mokowe, kwa kuwa vichochoro vya mji wake havina nafasi ya lori. Urafiki wao ulikuwa wa utani. Bwana Abdulqadir, kwa ulimi wa Kiamu, huita nchi nti, na inchi nayo haikusalimika. Kila alipotoa habari kwamba ameliinua lori nti mbili, marehemu alimuuliza ni nti zipi hizo, na kama pasipoti anayo.

Februari 2024 marehemu alipatwa na kiharusi. Ubavu wa kushoto ulilegea, na alipoanza kutembea tena alielemea upande huo. “Nimelika tairi moja,” aliwaambia waliomjulia hali. Madaktari walimtaka apumzike. Karakana ilifungwa, naye akawa anakaa barazani akiyatazama magari yapitayo, bila kusema neno. Waliomjua waliona kwamba lililomwuma si mkono. Alikuwa hajui kama bado yu fundi.

Masika ya mwaka huo yalikata barabara, na Bwana Abdulqadir akaliinua lori lake kwa haraka, mahali pengine. Likapimwa siku hiyo hiyo, tupu. Kwa majuma mawili dereva wake, Harith, kijana wa Pate, alishindana na usukani, mpaka siku moja karibu na Kililana lori lenye abiria likaingia pembeni, likasimama kwenye ukingo wa mtaro. Hakuumia mtu. Jioni Bwana Abdulqadir alimpigia simu marehemu, na safari hii hakutania. “Gari haliyui ndia, Buya,” alisema, yaani halijui njia. “Nami simwamini mwingine.”

Mama Wamuyu hakutaka. Aliogopa kwamba mumewe angefia chini ya lori. Marehemu alimwahidi kwamba hataingia chini wala hatashika spana, atakaa tu. Wakakubaliana hivyo. Harith alibeba mzigo wa mahindi kwa siku moja ili springi zitulie, kisha akalileta lori na kukaa mahali pake. Marehemu aliwekewa kigoda mbele ya gurudumu, na mshipi ukashikwa na Mama Wamuyu.

Ekseli ilikuwa imefungwa upande, Harith akairekebisha. Fimbo ya usukani ikakazwa, ikalegezwa, ikakazwa tena. Lakini kila marehemu alipochungulia alisema bado limepinda. Harith alishuka na kupanda hata akachoka. Mwishowe Mama Wamuyu aliufunga mshipi kwenye jiwe, akaja nyuma ya kigoda, akakishika kichwa cha mumewe kwa mikono yote miwili.

“Baba Galana,” alimwambia, “wewe ndiwe unayevuta. Lori limetulia.”

Akamwinua taratibu, akamwegemeza kwenye tumbo lake hata akakaa wima. Marehemu akafumba jicho moja. Alitazama kwa muda mrefu.

“Limenyooka,” alisema. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, naye mkewe hakumwachia.

Harith alilipeleka lori kwenye barabara iliyonyooka ya Mokowe, akaachia usukani kidogo, kama marehemu alivyowafundisha madereva wote, akarudi. “Halivuti, Mzee,” alisema. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwisho, na baada yake aliweza kukaa barazani kwa furaha. Magari yakipita, alisema neno.

Kiharusi cha pili kilimjia alfajiri ya Jumanne, tarehe 2 Septemba 2025. Alifariki nyumbani kwake Hindi, mkewe akiwa amekishika kichwa chake.

Lori lililomleta leo kutoka mochari ya Mpeketoni ndilo hilo hilo. Bwana Abdulqadir hakukubali jingine. Mama Wamuyu alipofika mlangoni mwa lori alisita, na Harith akamshika mkono. “Kaa mahali pako, Mama,” alimwambia. Akapanda. Walipofika kwenye barabara iliyonyooka, Harith aliachia usukani kwa kitambo cha kufumba jicho. Mama aliona, wala hakumkemea. Ametuagiza tuwaambie kwamba halikuvuta.

Marehemu ameacha mjane, Mama Wamuyu, watoto watatu, Galana, Hadasa na Kimotho, mkaza mwana, Chelangat, wajukuu watano, kaka na dada, rafiki yake, Bwana Abdulqadir, aliyeomba jina lake litajwe pamoja na ndugu, na magari mengi yatembeayo sawasawa.

Bwana aliyemwita amkalishe mahali pake, na hapo apumzike kwa amani.